MGONJWA NAYE ANA KAZI YAKE

Wahenga walisema: Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake yajulikana kwa kila mtu aliyepata kuuguza. Aliye kitandani asisumbuliwe kwa maswali. Uji upikwe, uletwe, na aliye karibu amnyweshe. Twaipenda methali hii, kwa kuwa ndani yake mna huruma ya kweli, na nyumba isiyoifuata hukosa sifa mbele ya jirani zake.

Walakini methali njema yaweza kupelekwa mbali kuliko alivyokusudia aliyeisema. Katika nyumba zetu nyingi imegeuka kuwa sheria ya kwamba mgonjwa hana kazi yo yote ila kulala na kungoja. Tuchukue mfano ambao wasomaji wetu wengi watautambua. Mama mwenye umri wa miaka 65 ameambiwa na daktari kwamba atapasuliwa goti baada ya majuma 6. Anarudi nyumbani na karatasi yake. Tangu siku hiyo watoto wanaanza kumlinda kama yai. Akishika ufagio, binti yake anauchukua: "Mama, keti, sisi tupo." Akitaka kwenda kumjulia hali jirani, mwanawe anamwitia pikipiki. Akiinuka kuchota maji, mjukuu amekwisha kutangulia na ndoo. Majuma 6 yanapita kati ya kiti na kitanda, na siku ikifika, mama yule anapelekwa hospitali akiwa dhaifu kuliko siku ile alipopewa tarehe. Watoto wake wamempenda sana. Je, wamempenda vema?

Hilo ndilo swali tunalotaka kulitafakari juma hili. Si swali la madaktari peke yao. Ni swali la wajibu, nalo laweza kusemwa hivi: maumivu ambayo hayajafika bado, lakini twajua hakika kwamba yatakuja, yatudai nini leo? Yatudai kungoja tu? Au mgonjwa na watu wa nyumbani mwake wana jambo la kufanya kabla ya kisu, ili yatakapofika yamkute mtu aliyejiandaa?

Kwanza tuwatendee haki watoto wa mama yule. Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walikuwa upande wao. Hata karne ya 20 ilipokuwa imefika katikati, mtu aliyepasuliwa ngiri au tumbo aliweza kulazwa kitandani majuma 2 au 3 bila kuruhusiwa kukanyaga chini. Iliaminiwa kwamba kitanda chenyewe ni dawa. Mwaka 1947 daktari mmoja wa London, Richard Asher, aliandika makala iliyowashtua wenzake, akiwahesabia hatari za kitanda: mapafu kujaa makohozi, damu kuganda miguuni, ngozi kuchubuka na kufanya vidonda, misuli kunywea, viungo kukakamaa, mifupa kupungua nguvu, hata akili na moyo kufifia. Polepole desturi ikabadilika, na leo muuguzi humwamsha mgonjwa siku ile ile ya kupasuliwa au kesho yake, akamwambia ajaribu hatua mbili tatu.

Kwamba Asher hakukosea kumepimwa baadaye. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2007, wazee wachache wenye afya, ambao umri wao ulikuwa kama miaka 67, walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuguswa na kisu. Siku hizo 10 tu ziliwapunguzia karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Basi tufikiri juu ya yule mama yetu wa majuma 6. Hakulala mchana kutwa kama wazee wale, lakini yeye alikuwa na goti bovu tangu mwanzo, na misuli ya paja ndiyo mikongojo ya kwanza ya goti. Wale waliomnyang'anya ufagio walimnyang'anya na mkongojo, nao hawakujua.

Hapa ndipo lilipozaliwa wazo ambalo katika miaka ya karibuni limeenea katika hospitali za nchi nyingi: kwamba kazi ya kupona isianze baada ya upasuaji, bali kabla yake. Mgonjwa aliyepangiwa tarehe hupewa mazoezi ya kutembea kila siku, mazoezi ya kutia misuli nguvu, mafunzo ya kuvuta pumzi, shauri la chakula cha kujenga mwili, na mazungumzo ya kumtuliza hofu. Huko Montreal, nchini Kanada, wagonjwa 77 waliokuwa na saratani ya utumbo mpana walifuatwa kwa namna hiyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Kundi moja lilianza mazoezi yapata majuma 4 kabla ya kupasuliwa. Kundi la pili lilipewa mazoezi yale yale, ila baada ya kupasuliwa. Majuma 8 baada ya upasuaji, wagonjwa 84 kwa kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wameurudia mwendo wao wa zamani au kuupita. Katika kundi la pili walikuwa 62 kwa kila 100. Mazoezi yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa wakati wa kuyaanza.

Pengine msomaji atasema: Hayo ni mambo ya nchi zenye mali, penye vyombo na wataalamu. Basi asikilize habari nyingine. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika hospitali za Australia na New Zealand, juu ya wagonjwa zaidi ya 400 waliongojea kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Nusu yao walipewa kijitabu tu. Nusu nyingine walipewa kijitabu, na juu yake mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikaa na kila mmoja kwa muda wa nusu saa. Alimweleza jinsi mapafu yanavyoweza kupata ugonjwa baada ya nusukaputi, akamfundisha namna ya kuvuta pumzi ndefu, na kumwagiza aanze kufanya hivyo mara tu azindukapo. Nusu saa moja, mara moja tu. Katika kundi la kijitabu, wagonjwa 27 kwa kila 100 walipata madhara ya mapafu; katika kundi lililofundishwa walikuwa 12. Hapakuwa na chombo cha thamani wala dawa mpya. Palikuwa na mtu aliyeketi na mgonjwa, akamwambia ukweli, akampa kazi.

Lakini, ndugu msomaji, hatutaki kukudanganya. Swali la kwanza la mgonjwa halihusu mapafu wala mwendo. Swali lake ni hili: "Nitaumia kiasi gani?" Je, mazoezi ya kabla huyapunguza maumivu ya baadaye?

Jibu la kweli ni kwamba huyapunguza kidogo, tena si kwa kila mtu. Mwaka 2016 wataalamu waliokusanya uchunguzi 22, wenye wagonjwa wapata 1,500 wa upasuaji wa mifupa na viungo, hasa magoti na nyonga, waliona kwamba waliofanya mazoezi kabla walikuwa na nafuu ya maumivu katika majuma 4 ya kwanza. Nafuu hiyo ilikuwa kama pointi 6 kwa kipimo chenye pointi 100. Wao wenyewe walisema ni ndogo mno na ya muda mfupi mno kuhesabiwa kuwa jambo kubwa. Mtu akimwahidi mgonjwa kwamba akitembea sana kabla ya kupasuliwa hatasikia maumivu, anamwahidi asichoweza kumpa. Ahadi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kimya, maana maumivu yakija, mgonjwa atadhani amekosea yeye.

Hata hivyo uko uchunguzi mwingine mdogo ambao kwetu una mafundisho makubwa. Ulitangazwa mwaka 2014, nao ulifanyika Australia juu ya watu 24 wenye afya, si wagonjwa. Nusu yao waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa nusu saa, mara 3 kila juma, kwa majuma 6. Wengine waliendelea na maisha yao ya kila siku. Kabla na baada, wote walipimwa maumivu kwa njia mbili: kwanza, ni wapi mtu anapoanza kusikia maumivu; pili, ni muda gani anaweza kuyavumilia kabla ya kusema basi. Waliofanya mazoezi walianza kusikia maumivu pale pale walipoyasikia mwanzoni. Mwili wao haukuwa mgumu kama gogo. Lakini uwezo wao wa kuyavumilia uliongezeka kwa sehemu kama moja ya tano. Maumivu yalibaki yale yale. Aliyebadilika ni mchukuzi.

Twaona kwamba hapa ndipo ilipo hekima ya jambo zima. Kujiandaa hakumfanyi mtu awe asiyeumia. Humfanya awe mtu anayeweza kuchukua zaidi bila kuvunjika. Mkulima hapigani na mvua, hutengeneza mfereji. Aliyetembea kila siku, aliyejifunza kuvuta pumzi, aliyeambiwa mapema kwamba kesho yake atasikia maumivu mahali fulani na kwamba hayo si dalili ya kufa, huyo anapozinduka huyatambua maumivu yake. Si wageni walioingia usiku kwa kuvunja mlango. Ni wageni aliowatarajia, wasiopendeza, lakini ambao amekwisha kuwatengea mahali.

Kuna ushuhuda wa zamani wa jambo hili, nao watoka mahali penye sifa. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akapasuliwa uvimbe wa shingo huku amelala. Siku hiyo yakumbukwa kuwa mwanzo wa enzi mpya ya upasuaji. Miaka 118 baadaye, mwaka 1964, daktari Lawrence Egbert na wenzake wa hospitali hiyo hiyo waliwaendea wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Sehemu moja ya wagonjwa hao walielezwa tangu usiku wa kuamkia upasuaji ni maumivu gani watakayoyasikia na kwa nini. Wakafundishwa kulegeza misuli, kuvuta pumzi, na kugeuka kitandani bila kukaza tumbo. Baadaye walihitaji kama nusu tu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao, wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku 2 na zaidi kabla yao. Hospitali iliyowafundisha watu nguvu ya dawa ndiyo iliyowafundisha pia nguvu ya neno la kweli lililosemwa kwa wakati wake.

Basi, je, mgonjwa ana wajibu wa kujiandaa? Twajibu kwamba anao, kwa kadiri ya uwezo wake. Mwili wetu si mzigo tunaoutua mlangoni pa hospitali ili wengine waushughulikie, nasi turudi kuuchukua baadaye kama kiatu kwa fundi. Daktari hushona, mwili ndio unaounga. Muuguzi huinua mkono wa mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayekanyaga. Anayesema, "Nimejikabidhi kwa daktari," amesema neno zuri la imani, lakini asilitumie kuwa mto wa kulalia. Aidha kuna heshima katika jambo hili. Mgonjwa aliyepewa kazi amekumbushwa kwamba yeye bado ni mtu kamili, mwenye nia na mapenzi, wala si jina kwenye orodha ya wanaongojea.

Lakini kila wajibu una mipaka yake, na asiyeionyesha mipaka hufundisha nusu tu. Tunataka kutaja mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni huu. Asitokee mtu, awe daktari, muuguzi, au mzee wa nyumba, akasema: "Kwa kuwa mgonjwa amejiandaa, basi avumilie, dawa za nini?" Hapana. Kujiandaa hakuchukui nafasi ya dawa ya maumivu. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kumnyima mgonjwa dawa ni kumsaidia kupata stahili mbele ya Mungu. Jambo hili lilikwisha kujibiwa zamani. Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio wa XII, akiwajibu madaktari wa nusukaputi waliomwuliza, alieleza kwamba Mkristo hafungwi na wajibu wa jumla wa kukataa dawa ya kutuliza maumivu. Aliongeza kwamba upendo hauongezeki kwa maumivu yenyewe, bali kwa nia ya hiari ya mtu anayeyapokea, na kwamba maumivu makali yaweza kuidhoofisha nia hiyo pamoja na mwili. Basi anayempa mgonjwa nafuu hamwibii cho chote. Tena madaktari wenyewe watatuambia kwamba mgonjwa asiyepewa dawa ya kutosha haweza kukohoa, wala kugeuka, wala kutembea. Na mazoezi yake yote ya majuma yaliyopita yatapotea bure. Dawa na mazoezi ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna haja ya kumfukuza mmoja ili mwingine apate nafasi.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi, nasi twauona kuwa kiini cha makala hii. Ni hatari ya kumlaumu mgonjwa.

Mara tu tunaposema kwamba kujiandaa ni wajibu, kuna mtu atakayesimama kando ya kitanda na kusema: "Angalitembea kama alivyoambiwa, asingalilia hivi." Neno hilo ni kali kuliko kisu, na mara nyingi si la kweli. Tutazame hali ya bara letu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000. Katika kila wagonjwa 100, wapata 57 walipasuliwa kwa dharura au kwa haraka. Theluthi moja ya upasuaji wote ilikuwa ya akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Mama aliyeletwa usiku wa manane kwa sababu mtoto amekwama hakupewa majuma 4 ya kujiandaa. Hakupewa hata saa 4. Kijana aliyevunjika paja barabarani hakupangiwa tarehe na mtu ye yote.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine. Wagonjwa wale walikuwa vijana, umri wao kwa wastani miaka 38 na nusu, na wengi hawakuwa na magonjwa mengine. Hata hivyo waliokufa baada ya kupasuliwa walikuwa mara mbili ya wastani wa ulimwengu. Haikuwa kwa sababu hawakutembea. Katika hospitali hizo, mabingwa wa upasuaji, wa uzazi na wa nusukaputi, wakijumlishwa pamoja, kwa kawaida hawakutimia hata mmoja kwa kila watu 100,000. Wajibu wa kujiandaa, basi, si wa mgonjwa peke yake. Ni wa hospitali inayopanga tarehe na kuiheshimu. Ni wa serikali inayosomesha wauguzi. Ni wa jirani mwenye gari. Kumtwika mgonjwa mzigo wote, kisha kumlaumu kwa kuanguka, ni dhuluma iliyovaa joho la ushauri mwema.

Tena si kila mtu anayehitaji kuongeza mwendo. Mwanamke wa shamba anayeamka alfajiri, akalima hadi adhuhuri, akarudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni, miguu yake haina haja ya kufundishwa kutembea. Kwake yeye kujiandaa ni kupunguziwa mzigo, kula mayai na maharage badala ya kuyauza yote, na kulala usiku mzima. Kumpa mtu huyu orodha ya mazoezi ni kumfanyia mzaha. Mumewe akilishika jembe majuma mawili matatu kabla ya tarehe, amefanya kazi kubwa ya matayarisho, ingawa yeye hapasuliwi. Wajibu mmoja huo huo, katika nyumba moja huitwa "mama, tutembee," na katika nyumba nyingine huitwa "mama, keti." Mapendo ya kweli huanza kwa kutazama ni nyumba ipi.

Kwa hiyo twatoa kanuni moja, nayo ni fupi. Swali la "Je, umejiandaa?" lina wakati wake, na wakati huo ni kabla ya kisu. Baada ya kisu limekwisha muda wake, wala lisisikike tena kando ya kitanda. Baada ya kisu kuna swali moja tu: "Unaumwa wapi, nami nikufanyie nini?" Yule Msamaria wa Injili alimkuta mtu kando ya njia, amepigwa na kuachwa. Hakumwuliza kwa nini alipita njia ya hatari peke yake, wala kwa nini hakuchukua fimbo. Alimfunga jeraha zake, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Huenda lilikuwako jambo ambalo mtu yule angaliweza kufanya mapema. Lakini siku ile haikuwa siku ya kulisema.

Sasa, watu wa nyumbani wafanye nini? Sisi si madaktari, wala gazeti si hospitali. Neno la kwanza ni kwamba mgonjwa amwulize daktari wake, maana wako wagonjwa ambao mazoezi huwadhuru: mwenye ugonjwa wa moyo usiotulia, au mwenye ngiri aliyekatazwa kunyanyua vitu vizito. Na ye yote anayeshikwa na maumivu ya kifua au kizunguzungu anapotembea, aache mara moja na kurudi kwa daktari. Lakini wengi, wakiuliza, watajibiwa kwamba mambo yaliyo mema kwao ni madogo. Kutembea kila siku kiasi cha kuongeza pumzi, lakini bado mtu aweze kuzungumza na mwenziwe. Kuinuka kwenye kiti na kuketi tena mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono. Kuvuta pumzi ndefu na kuitoa taratibu, asubuhi na jioni. Kujifunza mapema kuinuka kitandani kwa kulalia ubavu kwanza, na kuukumbatia mto tumboni unapokohoa ili mshono usivutike. Kula chakula cha kujenga mwili, hata kama ni dagaa na kunde tu. Anayevuta sigara, aache. Na kila juma analowahi kuacha kabla ya tarehe ni faida kwa mapafu yake na kwa kidonda chake.

Katika mambo hayo hakuna hata moja lisilohitaji mtu wa pili. Mzee hatembei peke yake jioni. Huona haya, au huogopa kuanguka. Mjukuu akimshika mkono na kusema, "Bibi, twende hadi kwenye ule mwembe," bibi huenda. Kesho yake huenda mbali kidogo kuliko jana. Njiani husimulia mambo ambayo mjukuu asingalipata kuyasikia po pote. Sijui tuite dawa au tuite malezi? Sisi twaona ni vyote viwili. Na bibi yule, siku atakapoingia katika chumba cha upasuaji, ataingia na kitu ambacho majuma ya kitini yasingalimpa: atajua kwamba miguu yake bado inamtii, na kwamba yuko mtu atakayemngoja upande wa pili ili waanze tena safari ya mwembeni.

Kwa ndugu zetu madaktari na wauguzi tuna ombi moja. Twajua foleni ni ndefu na mikono ni michache. Lakini nusu saa ile ya Australia, hata ikiwa dakika 10, hata ikiwa kwa wagonjwa 5 waliokusanywa chini ya mti, ni sehemu ya tiba kama sindano ilivyo sehemu ya tiba. Mnapompa mgonjwa tarehe, mpeni na kazi. Mwambieni wazi nini kitauma, kwa muda gani, na nini mtafanya akiumia. Msimfiche kwa kudhani mnamhurumia. Anayefichwa huogopa mara mbili: huogopa kisu, na huogopa kile anachofichwa.

Tuliianza makala hii kwa methali, na tumalize kwa hiyo hiyo. Mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, na idumu kuwa kweli katika nyumba zetu. Apikiwe, anyweshwe, asiulizwe. Lakini kama tarehe yake ya kupasuliwa ingali mbali, na daktari ameruhusu, mkimaliza kumpa uji msimfunike shuka na kuondoka. Mpeni mkono ainuke. Na ile siku atakapolala akiugua baada ya kisu, awe alitembea sana au hakutembea kabisa, msimhesabie hatua zake. Mleteeni uji mwingine.